Simu ya Dirishani

Tanga,
14 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha na chakula kinapita. Sijui wewe na baridi ya huko, goti linasemaje? Maalimu Shabani na mama mdogo Saumu hawajambo? Nyumbani kwa mzee Stephano je?

Najua umeishika karatasi hii ukajiuliza nimepatwa na wazimu gani, mwaka huu nani bado anaandika barua. Nimempa Tobia, utingo wa basi la huko kwetu, akukabidhi mkononi. Mama, kuanzia leo usinipigie simu. Usinitumie na ujumbe wa sauti. Nikikupigia mimi, tuongee habari za mvua na kuku, basi.

Juzi waliniita. Si kituo cha polisi, ni ofisi ya ghorofani isiyo na kibao. Watu wawili waliovaa kiraia, wastaarabu kabisa, wakaninunulia na soda. Halafu wakaniuliza kuhusu ile laini niliyokuachia. Unakumbuka kitambulisho chako cha taifa kilikuwa hakijatoka, tukaisajili kwa kidole changu. Basi kwao laini ile ni mimi, na huyo mimi wanamjua kuliko ninavyojijua. Anasikiliza mawaidha ya shehe aliyepigwa marufuku. Ameulizia bei ya mbolea, mifuko mingi, ile wanayosema hutengenezewa mabomu. Anaingia Kenya na kutoka, siku nyingine mara mbili. Na anapigiwa simu kutoka Msumbiji, kule kaskazini kwenye vita.

Nikacheka. Wao hawakucheka. Mkubwa wao, anaitwa Alen, akaniambia ndugu yake aliuawa mpakani huko kusini, na kwamba hana haja ya kunionea, anataka kujua tu. Kisha akanisomea maneno yetu, yale ya siku uliponisema kwa sababu sioi. Neno kwa neno, mpaka pale uliponiita gogo. Nilisikia aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Kazini, kwenye ghala la mkonge, wameniambia nipumzike kwanza. Hao wa ghorofani wamechukua kitambulisho changu, wakasema nisitoke Tanga na kila Jumatatu niende kuripoti. Wakiendelea hivi wataniweka ndani, mama, na kesi za namna hii hazina dhamana. Niambie ukweli. Nani anatumia simu yako?

Mwanao,
Ismaili


Mlola,
19 Mei 2024

Kwako Ismaili,

Marahaba baba. Goti lipo, linatangaza mvua kabla ya redio. Saumu hajambo, maalimu hajambo, mzee Stephano analalamika kama kawaida yake kwa hiyo ni mzima. Kabichi zimebeba vizuri mwaka huu.

Sasa sikiliza. Mimi sijui kama aliyeniandikia ni wewe. Mwandiko ni wako, lakini bahasha ilibandikwa mara mbili, gundi juu ya gundi. Tobia anaapa hakuigusa, tena anaapa haraka mno. Na unaniuliza nani anatumia simu kana kwamba hukukulia nyumba hii. Kwa hiyo kabla hatujafika mbali, niandikie: marehemu baba yako alikuwa hali chakula gani, na kwa nini? Usipojibu hilo hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako, wewe uwe nani.

Kama ni wewe, basi unajua yafuatayo na waambie hao wenye soda. Simu ni yangu kwa jina tu. Nyumba yetu iko ukingoni, na mtandao unapanda kutoka minara ya chini kule Mnazi, unashika kwenye dirisha la jiko peke yake. Ukisogea pembeni umekwisha. Ndiyo maana simu inalala pale kwenye kizingiti, na nje nimeweka benchi. Mwenye shida anakaa anaongea. Nimfukuze nani?

Mbolea ni ya mzee Stephano. Aliulizia kwa niaba ya wakulima wenzake wa kabichi, walitaka kununua kwa pamoja wapate nafuu. Mzee wa kanisa yule, hata panya anamtega huku anamwonea huruma. Mawaidha ni ya maalimu Shabani. Anakuja baada ya kufundisha watoto, anaomba nimwekee shehe wake, dakika mbili kashasinzia. Shehe wake akimaliza anakuja mwingine mwenyewe bila kuitwa, na mwingine, mpaka natoka jikoni kuzima. Huyo aliyepigwa marufuku maalimu hajawahi kumsikia akiwa macho.

Na Kenya! Minara ya Mnazi ikizidiwa, simu inadandia ya Kenya. Tunapokea ujumbe wa kukaribishwa. Simu yangu imekaribishwa Kenya mara nyingi kuliko mimi nilivyokaribishwa harusini, na haijatoka kwenye kizingiti.

Ya Msumbiji siijui. Simjui mtu huko.

Kula, usikonde kwa ajili ya watu wasio na kazi.

Mama yako


Tanga,
27 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Baba alikuwa hali maboga, alisema aliyala ya kutosha mwaka wa njaa akiwa mdogo. Umeridhika? Umenitia kwenye mtihani mimi mwanao wa pekee, na nimekaa nao siku nzima kifuani. Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa wa kuazima.

Nilimweleza Alen habari ya dirisha. Aliandika yote. Ya Kenya hata alicheka kidogo, nadhani ana mtu wa kwao anayekaa mpakani. Akasema mbolea na mawaidha yatafutika wahusika wenyewe wakija kusema kwa midomo yao. Akaniambia, "Kijana, mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja, sasa unaniambia ni kijiji." Nikasema ndiyo, afande, ni kijiji. Nikaona mambo yanakwisha.

Halafu akaniwekea sauti. Mwanamke anaongea Kishambaa, na kijana anamwitikia, anamwita mama. Alinisikilizisha kidogo tu, akazima. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Mama, nilimjua kabla hajamaliza salamu. Ni mama mdogo Saumu. Amenibeba mgongoni yule, nitaachaje kumjua. Nikasema simfahamu. Alen akaandika kitu, akanifungulia mlango mwenyewe.

Ulisema huna mtu Msumbiji. Simu iko jikoni kwako, benchi liko chini ya dirisha lako, na masikio yako hayajawahi kupitwa na kitu. Mlituambia Hashimu wake yuko Arusha anauza viatu. Mimi na Hashimu tumetahiriwa siku moja. Kwa nini nisikie habari zake kwenye mashine ya watu nisiowajua?

Hawana shida na Kishambaa, wana mtu wa kuwatafsiria. Kwa hiyo wanajua zaidi yangu. Wanachokosa ni majina.

Mwanao,
Ismaili


Mlola,
9 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini umelala japo kidogo. Barua hii sikumpa Tobia. Anakuletea mzee Stephano mwenyewe, amepanda lori la kabichi kwa ajili hiyo na mgongo wake ule. Isome mbele yake, kisha itie kwenye jiko.

Nilikudanganya. Si kwa kutokuamini. La, ngoja, nisiongeze uongo mwingine: ni kwa kutokuamini. Si wewe, bali karatasi, na Tobia, na kila mkono unaopita katikati. Siku hizi namtilia shaka hata muuza chumvi.

Hashimu hakwenda Arusha. Mwaka juzi alifuata vijana walioahidiwa kazi kwenye machimbo ya vito huko Msumbiji. Kazi ilikuwepo, miezi michache. Kisha wakaja watu wenye bunduki msituni, waliouawa wakauawa, waliobaki wakabebeshwa mizigo. Yeye ni mbebaji wao mpaka leo, ndivyo anavyosema. Akipata simu ya mfanyabiashara anapiga mara moja, haraka haraka, alasiri. Namba anayoikumbuka kichwani ni ya simu yangu peke yake. Anamwambia mama yake anatafuta njia ya kutoroka. Saumu ananiapisha kila siku. Serikali wakimjua, akifika watamfunga. Wale wa msituni wakijua ana mawasiliano na kwao, hafiki.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia Saumu. Mimi nikiwa jikoni nasikia. Hashimu anauliza mambo mengi. Basi la kupanda huku linapita Mombo saa ngapi. Kwenye kizuizi cha barabarani wanakaa askari wangapi, na wanakagua mabegi au hawakagui. Mtu anayerudi nyumbani kwa kujificha atauliza hayo. Na mtu wa aina nyingine atauliza hayo hayo. Nimemlisha mtoto yule kwa mkono huu, lakini siku hizi akipiga, nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama hao wa ghorofani. Najichukia kwa hilo.

Sikuambii useme, sikuambii usiseme. Hapana, acha niseme wazi. Usiseme. Mpe muda afike.

Saumu anakusalimu. Hajui kama unajua.

Mama yako


Tanga,
15 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nakutakia Idi njema, japo sitakuwepo. Mzee Stephano ndiye anayerudi na hii, na nimeichoma ile yako kwenye jiko la mama ntilie huku yeye akisimamia.

Uliandika habari ya kizuizi cha Mombo. Kwenye basi lile wanapanda watoto wa shule. Unapanda wewe.

Alen amenipa mpaka baada ya sikukuu. Baada ya hapo jalada linakwenda Dar es Salaam, na mimi nalifuata. Hanipigi, hanitukani, ningefurahi angenitukana. Ananiuliza tu, na mimi nasema simfahamu, na kila nikisema hivyo nazidi kufanana na mtu wanayemtafuta. Wenzangu wa ghalani wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili.

Nina swali moja na naomba usikasirike. Unamlinda mtoto wa nani, mama? Wa Saumu, au wako?

Ismaili


Mlola,
1 Julai 2024

Mwanangu Ismaili,

Salamu nyingi. Sijui hata kama barua hii itakukuta Tanga. Nimekaa kimya kwa sababu swali lako lilinikata maneno, na mimi si mtu wa kukatwa maneno.

Alhamisi iliyopita tuliitwa Lushoto, mimi, mzee Stephano na maalimu. Tulikwenda wenyewe kwa miguu yetu, tumevaa vizuri. Alen alikuwa amepanda kutoka Tanga. Ni kijana mpole kweli, alimwamkia maalimu, akamletea kiti chenye mto. Stephano akaeleza mbolea yake mpaka wakachoka. Maalimu akaeleza anavyosinzia. Wakaandika, wakatia vidole.

Kisha akaiweka ile sauti.

Sote watatu tuliijua. Stephano akainamisha kichwa, maalimu akaanza kuvuta tasbihi. Sikuwaachia nafasi ya kuulizwa. Nikasema, "Sauti hiyo ni yangu."

Alen akaniuliza, "Mama, una watoto wa kiume wangapi?"

"Mmoja."

"Basi huyu aliyeko msituni Msumbiji, anayekuita mama, ni Ismaili?"

Nikasema kwetu watoto wote wananiita mama. Akasema, "Najua, hata kwetu ni hivyo. Lakini huyu anauliza kama kaburi la baba yake limeshajengewa. Niandike kwamba ni Ismaili? Ukisema ndiyo, kesho anakwenda Dar es Salaam, na mimi sitaweza kumrudisha."

Nilikuwa nimejiandaa kujitia mimi kitanzini, baba. Sikujua kwamba shingo yako imo humo humo. Akasubiri. Hakunihimiza hata kidogo. Nikasema, "Ni Saumu. Na kijana ni Hashimu wake." Stephano na maalimu hawakuniangalia mpaka tunafika nyumbani.

Simu wamebaki nayo. Wameiacha inawaka.

Nimemwambia Saumu wameichukua kwa uchunguzi tu, na kwamba jina la Hashimu halikutajwa. Jana kaja na maziwa ya ng'ombe wake, kibuyu kizima, kunishukuru kwamba nilimficha mwanawe mbele ya wakubwa. Ameshika mikono yangu akalia. Nikayanywa maziwa, Ismaili. Nikayanywa yote mbele yake, maana ningeyakataa kwa sababu gani?

Niandikie kama wamekuachia.

Mama yako


Tanga,
6 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Wameniachia. Kitambulisho wamenirudishia, na ghalani nimeanza kazi juzi. Wenzangu wananichangamkia kupita kiasi, wananitilia sukari kwenye chai kama mgonjwa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nimejaribu kuandika hii bila kusema, nimeshindwa. Mama, mimi nilisema Jumatatu, siku tatu kabla ya safari yenu ya Lushoto. Nilitaja jina la mama mdogo Saumu na la Hashimu, na mwaka tuliotahiriwa, na kovu lake la mguuni. Nilieleza mpaka habari ya Mombo. Hakuna aliyenishika koo. Nilichoka tu kuwa mtu yule wao.

Kwa hiyo Alen alipokuketisha pale akakuuliza kama aandike Ismaili, alikuwa na jibu mfukoni. Wala mimi sikuwa naenda Dar es Salaam. Nilikwenda kumuuliza kwa hasira kwa nini alimtesa mama yangu bure. Akasema neno la mtu mmoja halimtoshi, kwamba watu hutaja adui zao ili waachiwe, akataka kulisikia kwa mtu anayempenda huyo kijana. Alisema hivyo kwa upole. Akaniambia nikufikishie salamu.

Naomba tusimwambie mama mdogo. Tayari wanamjua, na Hashimu hajapiga tangu simu iwe kwao, nimeuliza. Labda ameshatoroka. Labda hatajua kamwe. Nikija huko nitamwamkia kama siku zote, nitakaa kwake nile. Naweza. Nimejifunza kusema simfahamu, nitashindwaje na hili?

Mwanao,
Ismaili


Mlola,
11 Julai 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Namshukuru Mungu uko nje. Nilipofika kwenye neno hilo niliikunja barua, nikakaa kwanza na furaha yangu kabla ya kusoma mengine. Sikulaumu. Uliniuliza namlinda mtoto wa nani, jibu langu lilitoka Alhamisi ile mbele ya mashahidi.

Lakini la kumficha Saumu, hapana. Amekuja na maziwa tena, na mara ya tatu. Analeta maziwa huku ng'ombe wenyewe baridi hii hawatoi. Nikamfuata kwake, nikamkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Saumu, walituwekea sauti yako ya simuni, nami nimemtaja Hashimu. Ni mimi, kwa mdomo wangu, sikupigwa." Habari zako sikumwambia, na wewe usimwambie. Mmoja kati yetu lazima aweze kuingia kwake.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejifunga kanga vizuri kwa ajili hiyo. Aliendelea na maharage yake kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Walivyowawekea sauti, ya Hashimu nayo ilisikika?"

Nikasema ilisikika.

"Alikuwa anaongea vizuri? Hakohoi?"

Nikasema hakohoi.

Akasema yeye akiongea naye hulia tangu mwanzo mpaka mwisho, hasikii hata anachoambiwa, na simu ikikatika hawezi kukumbuka sauti ilikuwaje. Miaka miwili hana hata picha yake ya ukubwani. Akaniuliza kama wale watu bado wanayo sauti ile, na kama wanamruhusu mtu aje asikilize. Nikamwambia sijui. Akasema hataki kuomba jingine, wakitaka kumkamata yeye mwenyewe wamkamate baadaye, lakini kwanza wamwekee yote, taratibu, yeye akiwa hazungumzi.

Jumatatu tunateremka naye. Nimekata tiketi mbili kwa Tobia. Mlango wa Alen unaujua wewe, mimi ningetuzungusha mji mzima. Tupokee stendi, umwamkie, umshikie mkoba wake, ngazi za huko sijui kama ataziweza.

Mama yako